Asubuhi Aliyodaiwa Bi Thoa

"Umempuliza jogoo! Umempuliza nyati! Na nguruwe ndiyo kabisa, umemlamba mpaka masikio! Halafu unaniambia unakwenda kufikiri? Unafikiri nini, bibi wee, unanunua shamba?"

Ndivyo alivyolalamika Bi Thoa, mikono kiunoni, jua likiwa bado halijagusa mapaa ya ng'ambo ya mto. Mbele yake lilikuwa sinia la filimbi za udongo, wanyama wadogo wa rangi ya tofali, kila mmoja na tundu mgongoni na mahali pa kupulizia mkiani. Mbele ya sinia alisimama mwanamke mwenye kilemba cha mirabaraba na mfuko mkubwa uliomvuta bega upande. Umri wake ulikuwa umempita Bi Thoa kidogo. Basi la usiku lilikuwa limemshusha mjini asubuhi hiyo hiyo, na nguo zake zilionyesha alivyolala.

"Sikumlamba," alisema yule mgeni kwa upole. "Nilitaka kusikia sauti. Mtoto wa mpwa wangu hazipendi zinazokoroma. Lakini bei yako, mdogo wangu, imenizidi."

"Imekuzidi? Nimeshusha mara tatu! Nikishusha tena nitakuwa nakulipa wewe uichukue!"

"Basi nitapita baadaye."

"Baadaye! Msikieni jamani! Mteja wa kwanza anasema baadaye!"

Mtu aliyewahi kupanga hata nyanya nne mezani hahitaji kufundishwa ubaya wa neno hilo. Pale Hoi An, mji wa kale wa Vietnam, mteja wa kwanza ndiye anayeishika siku yako mkononi. Akinunua, hata kitu cha senti, umefunguliwa. Akishikashika, akabishana bei, akaondoka mikono mitupu, afadhali ukunje mkeka ukalale. Na huo ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda yao, mwezi wa mizimu, watu wanapoogopa kununua vitu na wauzaji wanakuwa wakali kama nyuki waliochokozwa.

Kwa hiyo Bi Thoa akafanya kile wanachofanya wote. Akachana gazeti, akalipiga kiberiti, akalizungusha juu ya sinia, juu ya jogoo na nyati na yule nguruwe, kisha akaupitisha moto mahali miguu ya mwanamke ilipokuwa imesimama. "Nuksi nenda, heri njoo! Mguu mzito, rudi ulikotoka!"

Mtalii wa nje akichomewa karatasi hana habari. Hucheka, hupiga picha, na mara nyingine hurudi kununua. Lakini huyu alikuwa mtu wa nchi hiyo hiyo. Alisikia, akageuka, akauona moto ukilamba alama za kandambili zake vumbini. Aliweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, kama mtu anayejichunga asiguse mali ya watu, akaenda zake katikati ya barabara, mbali na meza zote.

Bi Thoa aliiona hiyo mikono. Hakuipenda. Lakini hakupata nafasi ya kuifikiria, kwa sababu kundi la watalii waliouona moshi lilikuwa limekwisha kumzunguka, wote simu juu. Walitaka achome tena. Akachoma tena. Wakanunua jogoo, wakanunua nyati, wakanunua joka ambalo halikuwa limenunuliwa tangu mvua za mwaka uliopita, kwa bei aliyoitaja bila kupepesa macho. Kabla ya adhuhuri sinia lilikuwa tupu. Katika mwezi wa mizimu! Bi Xoan, muuza tambi wa meza ya pili, aligonga kijiko kwenye sufuria yake akicheka.

"Shoga, karatasi yako ina dawa! Kesho niazime hiyo nuksi yako inikanyagie na mimi hapa!"

Bi Thoa akacheka naye. Aliporudisha sinia kichwani halikuwa na uzito wowote, na hapo ndipo ile mikono iliyowekwa mgongoni ilipomrudia.

Huyu Bi Thoa alizaliwa kijiji cha wafinyanzi, juu kidogo ya mto huo huo. Utoto wake wote aliupiga teke: mama yake alikaa akifinyanga chungu, naye alisimama kando akisukuma gurudumu kwa mguu, huku ameshika kamba asianguke. Alikwenda shule mpaka darasa la tano. Walimu walimsifu kwa hesabu na wakamwadhibu kwa sababu ya mdomo. Aliolewa na Tuu, fundi mwashi mpole aliyevunjika kiuno kwa kuanguka kwenye jukwaa la ujenzi, na tangu hapo ulimi wa mkewe ndio uliokuwa ukuta wa nyumba. Mwenye nyumba akija kwa ubabe, alirudi na maneno yake mfukoni. Askari wa kufukuza wachuuzi wakija, walianza meza za mwisho ili wasianze na yake. Watu walisema Bi Thoa hana moyo, ana mdomo tu. Yeye mwenyewe alikuwa amelisikia hilo mara nyingi kiasi kwamba alidhani ni sifa.

Kazini, kama wanawake wote wa pale wanaoogopa jua, alijifunika: kofia ya majani iliyochongoka, barakoa ya kitambaa mpaka chini ya macho, mikono ya shati mpaka vidoleni. Hata Tuu akikutana naye mtoni alimtambua kwa sauti.

Siku hiyo alipoingia kichochoroni kwao alimkuta Tuu amekaa mlangoni na furaha yake, maganda ya balungi miguuni.

"Bibie, tumepata mgeni! Wa kwetu kabisa, siyo Mzungu. Nimemkuta amekaa kwenye ngazi za soko anauliza chumba cha bei poa, nimempa chetu cha juu tunachopangisha. Tena ametuletea mabalungi kutoka kwao Ha Tinh. Onja! Tamu hili, halina hata uchungu wa ngozi."

Bi Thoa alivua kofia, akavua barakoa, akavitundika msumarini. Akatia kipande cha balungi mdomoni. Ndipo alipokiona kile kilemba cha mirabaraba, kimefuliwa, kimeanikwa kwenye kamba ya ngazi kinadondosha maji. Balungi likamkwama.

Mgeni akashuka. "Habari za hapa. Wewe ndiye mama wa nyumba? Naitwa Luyen."

"Karibu, dada," alisema Bi Thoa. Alisema kwa sauti ndogo sana, sauti ya mtu aliye kwenye nyumba ya maiti.

Tuu akamgeukia. "Unaumwa koo?"

"Siumwi."

"Mbona unaongea kama bibi harusi?"

Bi Luyen hakuwa mtu wa kutumia pesa. Alikuwa amekuja na wali wake mkavu kwenye majani na ufuta wa chumvi kwenye chupa, na alikusudia kuula huo tu mpaka arudi. Lakini jioni Tuu alimlazimisha akae mkekani, akamwekea samaki na mboga za majani. Bi Thoa alipakua bila kuinua macho.

"Umeuonaje mji wetu, dada?" aliuliza Tuu. "Umeingia kwenye zile nyumba za kale?"

"Nimeziangalia kutoka mlangoni. Tiketi yake ni siku mbili za kuchuma balungi." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likazimika. "Mji mzuri. Ila nimeuanza vibaya. Nilishika filimbi za mama mmoja pale mtoni, sikununua, akanichomea karatasi."

"Leo hii? Alfajiri?"

"Nilikuwa mteja wake wa kwanza, sikujua. Kosa langu. Lakini..." Alitoa mwiba wa samaki kwa vijiti, akauweka pembeni. "Shemeji, mimi niliolewa msimu wa mavuno, na kabla ya mavuno mengine mume wangu akafia ndani ya kisima alichokuwa akikichimba. Mwaka Mpya uliofuata nilikuwa wa kwanza kuingia nyumba ya kaka yangu, na nyati wake akafa mwezi huo. Basi, ikawa ndiyo hivyo. Tangu hapo kwetu wananifungia milango kwa adabu. 'Njoo siku ya tatu ya mwaka, shangazi. Wapitishe wengine kwanza, shangazi.' Dukani nangoja mpaka mwingine anunue. Wananipenda, siyo kwamba hawanipendi. Ila wananipenda nikiwa wa pili."

Tuu aliacha kutafuna.

"Nikasema, kabla miguu haijaisha, niende mahali wasiponijua. Siku mbili tu niingie dukani kama watu. Nimeweka akiba muda mrefu, wee acha tu. Nikashuka kwenye basi, nikaenda moja kwa moja kwenye meza ya kwanza niliyoiona." Akacheka, kicheko kisichomfika mtu. "Pengine imeandikwa usoni."

"Haijaandikwa kitu!" Tuu alipiga goti lake. "Mwanamke gani huyo mshenzi? Mke wangu anauza filimbi hapo hapo mtoni, lazima anamjua. Bibie, ni nani huyo?"

Wote wawili wakamtazama. Bi Thoa alikuwa na bakuli mkononi, na lile bakuli lilikuwa linamwomba aseme. Neno lilikuwa fupi. Alikuwa amewahi kusema marefu kuliko hilo kwa maaskari.

"Wauza filimbi ni wengi," alisema. "Na sote tunafunika nyuso."

"Mwenye mdomo kama panga," alisema Bi Luyen. "Ungemsikia ungemjua."

"Kula samaki, dada," alisema Bi Thoa. "Anapoa."

Asubuhi ya pili alitoka mapema, sinia limejazwa wanyama wapya, joka jingine kati yao. Alijiambia akiuza vizuri atamnunulia mgeni kitu kizuri kimyakimya, mambo yaishe. Hakuuza. Mkono uliokuwa unapanga wanyama haukuwa na akili. Alimweka nguruwe mbele, akamwondoa, akamweka nyuma. Jua lilipopanda Tuu alipita na baiskeli akimpelekea chai.

"Mgeni bado yuko chumbani," alisema. "Amekaa dirishani tangu alfajiri, mfuko mapajani. Namwambia toka, dada, mji unakungoja. Ananiambia, 'Waache watu wauziwe kwanza.' Amekuja safari yote ile, bibie, anaangalia ukuta wa jirani!"

Bi Thoa aliinuka akaenda kwa Bi Xoan. "Shoga, kuna mgeni wangu wa nyumbani atapita hapa. Ana kilemba cha mirabaraba. Muuzie vizuri, umkaribishe."

Bi Xoan alimtazama kwa jicho moja, lingine likiwa kwenye moshi wa supu. "Kilemba cha mirabaraba? Si yule uliyemchomea jana?"

"Ndiye."

"We Thoa! Wewe umetuonyesha sote kwamba ana mguu mzito, mto mzima umeona, hata muuza ndizi wa kule mwisho ameniuliza. Leo unataka umtumbukize kwenye sufuria yangu? Muuzie wewe!"

"Jana ulisema nikuazime hiyo nuksi."

"Nilikuwa nacheka! Nuksi ya kucheka siyo ya kupikia!"

Na kabla hawajamaliza, Bi Luyen akatokea. Alitembea katikati ya barabara, mikono nyuma. Alipoikaribia meza ya tambi alipunguza mwendo, maana harufu ya supu haina adabu, humvuta mtu pua. Bi Xoan akafunika sufuria. Muuza ndizi akavuta kapu lake ndani ya kivuli. Mmoja akatoa kiberiti, hakukiwasha, akakishika tu pale kinapoonekana. Bi Luyen alikiona. Akaendelea kutembea kana kwamba tangu mwanzo alikuwa anakwenda mbele.

Alipita mbele ya sinia la Bi Thoa, karibu kiasi cha kumgusa. Bi Thoa aliinamisha kofia. Ule ulimi wa kupasulia kuni, siku hiyo haukukata hata uzi. Alimtazama joka wa udongo mpaka zile kandambili zilipopita, na chini ya barakoa uso wake ulikuwa unawaka kama mtu aliyeinamia tanuru.

Hakukaa sana. Alikusanya wanyama bila kuwafunga vizuri, wawili wakavunjika masikio njiani, hakusimama.

Alimkuta Bi Luyen kwenye ngazi, mfuko umefungwa, kilemba kichwani. Tuu alikuwa amesimama chini akimzuia kwa maneno, kiuno chake hakikumruhusu zaidi.

"Anaondoka! Mwambie wewe, bibie, amelipia usiku mwingine!"

"Huo mpeni mgeni mwingine," alisema Bi Luyen. "Nyumba yenu nzuri. Mmenipokea vizuri, Mungu awalipe. Ila mji huu umekwisha kunijua. Kama ni hivyo, bora nirudi kwetu, kule angalau wananifukuza kwa jina langu."

Bi Thoa alifungua mdomo. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya kugombana. Ya kazi hii hakuwa nayo. Basi akarudi msumarini, akaichukua kofia aliyoivua sasa hivi, akaivaa. Akavuta barakoa mpaka chini ya macho. Akaweka mikono kiunoni, akasema kwa sauti yake yote, ile ya mtoni:

"Mteja wa kwanza anasema baadaye!"

Tuu alimwangalia mkewe, akamwangalia mgeni, akakaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Umenijua sasa, dada?" alisema Bi Thoa.

Bi Luyen alishuka ngazi taratibu, akasimama mbele yake. Akamshusha barakoa kwa kidole kimoja, akauangalia uso, akaipandisha, akayaangalia macho. Wala hakulia. Alikasirika, na hasira ile ilimvika ujana.

"Wewe! Ndiye uliyenipakulia samaki?"

"Ndiye mimi."

"Nimekueleza habari ya kisima! Nimekueleza habari ya nyati! Umekaa hapo na bakuli lako unaniambia 'anapoa'?"

"Niliogopa, dada."

"Ulinichomea mbele ya dunia nzima hukuogopa! Kusema ukweli mkekani kwako ndiyo ukaogopa? Mtu mzima ovyo! Nirudishie mabalungi yangu!"

Tuu alitazama maganda. "Yamekwisha, shemeji," alisema kwa unyonge. "Nimekula mengi mimi."

"Nitakurudishia pesa ya chumba yote," alisema Bi Thoa. "Nitakupa filimbi, chagua, jogoo, joka, chukua sinia zima."

"Sitaki mnyama wako hata mmoja. Na chumba nimelala, nimelala, silali bure kwa mtu. Unataka kunilipa upesi ili usiku upate usingizi, siyo?"

Ilikuwa kweli.

Bi Luyen aliketi kwenye ngazi, mfuko kati ya miguu. Alikaa hivyo mpaka hasira ikapata mahali pa kukaa. "Mimi nilikuja na asubuhi mbili," alisema hatimaye. "Moja umeichoma. Moja nimeikalia dirishani kwa sababu yako. Mbili huwezi kunilipa, imebaki ya safari tu, kesho mchana nina basi. Nakudai moja. Asubuhi moja. Na kesho unanilipa."

"Nakulipaje?"

"Mimi natangulia. Wewe unafuata nyuma. Na hicho kitambaa cha usoni ukiache nyumbani."

Kesho yake sinia halikutoka. Soko lilikuwa ndiyo kwanza linakokota mabanzi na kumwaga maji ya samaki, na watu wakaona jambo la ajabu: Bi Thoa uso wazi, mweupe kwa kukosa jua tangu ujana, akitembea nyuma ya mwanamke wa kilemba kama mtoto anayepelekwa kwa mwalimu.

Bi Luyen alikwenda moja kwa moja kwenye tambi. Bi Xoan alikuwa hajauza hata bakuli moja. Mkono wake ukaruka kwenye kifuniko.

"Acha, Xoan," alisema Bi Thoa. "Fungua naye."

"Thoa, nina karo za kulipa!"

"Fungua naye. Siku ikiharibika, bakuli zitakazobaki nazinunua mimi. Zote."

"Utazila kwa tumbo gani?"

"Zikinishinda nitajimwagia kichwani. Fungua!" Kisha akageukia meza zote, akashika ukingo wa benchi kama alivyoshika kamba ya gurudumu utotoni. "Mnisikilize! Huyu ndiye niliyemchomea juzi. Sikuwa na haki. Mguu wake hauna kitu, mdomo wangu ndio ulikuwa na kitu. Nimekosa mimi!"

Muuza ndizi alisahau kumenya. Kwa maisha yao yote hawakuwahi kumsikia Thoa akisema neno hilo.

"Mashahidi mmesikia?" aliuliza Bi Xoan. "Bakuli zitakazobaki, anazinunua?"

"Tumesikia," wakajibu.

"Haya. Kaa, dada."

Bi Luyen alikaa kwenye kigoda. Kabla hajagusa vijiti alimtazama Bi Xoan. "Bei gani? Na usinipige ya watalii."

"Jamani! Kumbe naye ana ulimi!" Bi Xoan alicheka bila kutaka, akaongeza kipande cha nyama, akataja bei ya jirani. Bi Luyen alikula polepole, akanywa supu mpaka mwisho, akatoa pesa yake mwenyewe na kuihesabu mkononi mwa Bi Xoan. Bi Thoa alisimama nyuma yake muda wote kama mtu aliyekamatwa.

Kutoka hapo hapakuwa na mlango uliopona. Duka la vitambaa lilikuwa linafungua vibao vyake. Bi Luyen akawa wa kwanza kukanyaga ndani, akashika hariri ya bluu, akashika ya kijani, akaomba iteremshwe iliyo juu kabisa. Akauliza bei. Akauliza tena. Kisha akasema, "Nitapita baadaye," na akamgeukia Bi Thoa kuona atafanya nini. Bi Thoa aliuma meno mpaka masikio yakamsogea. Mwenye duka akawatazama wote wawili, mkono kwenye kiberiti.

"Hasara juu yangu," alisema Bi Thoa. "Nitaleta wateja wawili kesho."

Kwa muuza vijiti vya udi ilikuwa hivyo hivyo. Kwa muuza sandali hivyo hivyo, ila pale Bi Luyen alinunua kamba moja ya kandambili, kwa sababu yake ilikuwa imelegea. Kwenye jumba la kale la ukoo Bi Thoa alitaka kumlipia tiketi. Bi Luyen akakataa. Alisimama kizingitini, akatazama nguzo nyeusi na taa nyekundu na moshi wa udi mpaka akaridhika.

"Kizingiti ni bure," alisema. "Na leo nimekifikia kabla ya mtu mwingine."

Bi Thoa alifuata, alidhamini, alijishusha kwa watu aliowahi kuwatukana, na kila duka lilipopita alitegemea moyo utakuwa mwepesi. Haukuwa. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwa amelisema, nalo ndilo lililokuwa limemlalia kifuani tangu siku ile ya kwanza, kubwa kuliko karatasi yenyewe.

Mchana alimpakia kwenye pikipiki ya kuazima mpaka kwenye kituo cha basi, mfuko umebanwa katikati yao. Basi la vitanda vya kulalia lilikuwa linanguruma. Utingo alikuwa anapiga kelele, "Ha Tinh! Ha Tinh, wenye Ha Tinh panda!" Bi Luyen akachukua mfuko wake, akasema asante ya adabu, ile wanayopewa watu wasiochukiwa wala kupendwa. Akaweka mguu kwenye ngazi.

"Dada," alisema Bi Thoa. "Kuna jingine."

"Lipi tena? Ulinichomea na shuka?"

"Siku ile... ulipoondoka... niliuza."

Bi Luyen aligeuka.

"Niliuza sinia zima, dada. Kabla ya adhuhuri. Hata joka. Mwezi huu wote sikuwahi kuuza hivyo, wala uliopita." Alikuwa anaangalia tairi ya basi. "Nilikufukuza kama nuksi, halafu nikala siku uliyonifungulia. Na usiku ule ulipokuwa unatueleza kwamba huna bahati, mimi nilikuwa na pesa za bahati yako kiunoni. Nimeona aibu kusema. Hata jana niliposema mengine, hili nililificha."

Utingo akapiga bodi ya basi kwa kiganja. "Mama, unapanda au unafanya mkutano?"

"Ngoja wewe!" alisema Bi Luyen bila kumtazama. Kisha, polepole, "Sema tena."

"Niliuza sinia zima."

"Siyo kwa sauti hiyo ya bibi harusi. Kwa ile yako."

Bi Thoa akavuta pumzi. Akaweka mikono kiunoni.

"Huyu mwanamke alinifungulia siku yangu, nikauza sinia zima mpaka joka! Mteja wa kwanza mwenye heri kuliko wote niliowahi kupata, nami nikamfukuza!"

Vichwa vikatoka madirishani. Mwenye duka la soda akatoka nje kuona ni ugomvi gani. Mzee mmoja ndani ya basi akauliza kama mama huyo atakaa karibu na nani, maana yeye ana tiketi ya bahati nasibu.

Bi Luyen alisimama kwenye ngazi ya basi, akaifunga vizuri ile kamba mpya ya kandambili yake, kama mtu asiye na haraka. Akaingia. Basi lilikuwa limeanza kusogea alipofungua kioo chake na kutoa kichwa.

"Mdogo wangu!" aliita. "Asubuhi yangu nimeipokea. Sasa sikudai tena."